Mahojiano ya Video kwa Wajasiriamali wa Kasulu: Sauti, Maswali na Ukweli Kabla ya Kamera

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

MNUNUZI wa asali aliyeko Kariakoo hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kasulu kuonja chupa moja kabla ya kuagiza mia mbili. Msimamizi wa duka la vyakula jijini Mwanza naye hawezi kuja kuangalia unga wa muhogo unavyokaushwa. Zamani mzalishaji alituma sampuli kwa basi, akasubiri simu. Siku hizi mnunuzi huomba kwanza video inayoonyesha kazi inavyofanyika na nani anaifanya. Kinachotumwa mara nyingi ni sekunde 40 za picha inayotikisika, muziki mkubwa uliofunika kila kitu, na mtu aliyesimama mbali akisema maneno yasiyosikika. Bidhaa ni nzuri, lakini video imeipunguzia thamani kabla haijaonjwa.

Makala haya yanaeleza namna mzalishaji, kikundi cha wanawake au vijana, au chama cha ushirika kinavyoweza kurekodi mahojiano ya video yenye sura ya kitaalamu kwa vifaa vilivyopo mkononi, pamoja na mambo ya kisheria ambayo ni vyema yakajulikana kabla ya video kutumwa kwa mtu wa kwanza.

Ianze kueleweka kwamba mahojiano si tangazo. Tangazo linasifu, mahojiano yanajibu maswali ambayo mnunuzi angeyauliza kama angekuwepo. Ndiyo maana mahojiano yanaaminiwa zaidi, na ndiyo maana yakiharibika yanaharibu zaidi.

Nchini kwetu njia hii si ngeni. Katikati ya miaka ya 1990, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kikundi cha Maneno Mengi kiliwarekodi wavuvi wakieleza kwa maneno yao wenyewe madhara ya uvuvi wa baruti, na video hizo zikatumika kupeleka sauti zao kwa jamii nyingine na kwa viongozi. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na ghali. Uzito wa kazi ile haukutoka kwenye kamera; ulitoka kwa mvuvi aliyesema jambo analolijua. Nchini India, shirika la Digital Green, ambalo huwarekodi wakulima ili wawafundishe wakulima wenzao, liligundua kuwa watazamaji vijijini hutaka kwanza kujua jina la mkulima anayezungumza na kijiji anachotoka. Wakishalijua hilo ndipo humsikiliza. Mnunuzi wa Kariakoo hana tofauti kubwa na watazamaji hao.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni nani atakayezungumza. Kwa mazoea yetu, kamera ikifika kikundini anayesukumwa mbele ni mwenyekiti, naye huanza kwa kutambua waliopo kwa vyeo vyao hadi itifaki ikamilike. Hilo lina heshima yake katika mkutano wa hadhara, lakini mnunuzi hatalivumilia. Mwenyekiti apewe nafasi ya kukaribisha kwa sentensi moja au mbili, kisha azungumze mtu anayeifanya kazi yenyewe: mama anayechuja asali, kijana anayepima unyevu wa maharage, fundi anayeendesha mashine ya kusaga. Mtu akieleza kazi ya mikono yake hahitaji kukariri. Anayekariri huonekana wazi, macho yake yakitafuta neno lililopotea.

Hapa lipo suala la lugha. Wazee wengi wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe wanazungumza Kiswahili, lakini wanafikiri na kueleza kazi kwa Kiha. Mzee aliyerina asali maisha yake yote anajua kwa Kiha majina ya miti ambayo nyuki huipenda, msimu wa kila ua na dalili za mzinga ulio tayari. Akilazimishwa kuyasema kwa Kiswahili rasmi mbele ya kamera, anabakiwa na sentensi mbili kavu. Ushauri wa mwandishi ni kumwacha azungumze Kiha, kisha maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya picha. Tafsiri hiyo ifanywe na mtu anayezijua lugha zote mbili, na mzee mwenyewe asomewe kabla video haijatoka, ili asije akawekewa maneno ambayo hakuyasema. Video ya namna hii haishushi hadhi ya biashara. Mnunuzi anasikia kwamba asali hii ina mwenyewe na ina mahali inapotoka.

Baada ya mzungumzaji ni sauti, na hapa ndipo video nyingi zinapofia. Mtazamaji anaweza kuvumilia picha isiyo kali, lakini akilazimika kusogeza simu sikioni ili asikie, anaifunga. Simu nyingi za kisasa hurekodi picha nzuri, ila maikrofoni yake huchukua kila sauti iliyo karibu nayo: bodaboda, mashine ya kusaga, jogoo, na upepo. Kati ya Oktoba na Mei kuna pia mvua juu ya bati, ambayo hakuna uhariri unaoweza kuiondoa. Mvua ikianza, kazi isimame hadi ikatike.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ndiyo ununuzi wa kwanza wenye maana, kabla ya taa na kabla ya simu mpya. Ambaye hana anaweza kutumia simu ya pili kama kinasa sauti. Simu hiyo iwekwe kwenye mfuko wa shati wa mzungumzaji, au mezani karibu na kifua chake nje ya picha, na zote mbili ziwekwe katika hali ya ndege ili zisipigiwe katikati ya jibu. Mahojiano yanapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio wa kofi hilo utamsaidia mhariri kuoanisha sauti ya simu moja na picha ya simu nyingine. Kabla ya kuondoka, wote wanyamaze kwa sekunde 10 huku simu zikiendelea kurekodi. Ukimya huo wa chumba hutumika kuziba mahali palipokatwa.

Chumba nacho kina tabia yake. Ofisi mpya yenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati hurudisha mwangwi, na mzungumzaji husikika kama yuko ndani ya pipa. Watu huichagua kwa sababu ni safi. Lakini ghala lililojaa magunia ya maharage au mahindi hunyonya mwangwi na kutoa sauti tulivu, na magunia yenyewe yanakuwa mandhari inayoeleza biashara bila neno. Asiye na ghala atandike mablanketi sakafuni na kutundika vitenge kwenye ukuta ulio mkabala na mzungumzaji, nje ya picha. Kwa wafugaji nyuki, mahojiano yasifanyike mizingani. Mtu mwenye vazi la kinga hasikiki, haonekani, na mawazo yake yako kwa nyuki. Azungumze kwanza akiwa amekaa, kisha picha za mizinga zichukuliwe kando.

Kuhusu mwanga hakuna mengi. Mzungumzaji akae akielekea dirisha au mlango ulio wazi, asiupe mgongo. Nje, saa 1 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 12 jioni ndizo saa zinazofaa. Jua la mchana liko juu ya kichwa na hutia vivuli chini ya macho. Watu wengi hawajui kwamba simu hukadiria mwanga kwa kuangalia picha nzima. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, simu hupunguza mwanga ili ukuta usiungue, na uso unakuwa giza. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu na kushikilia hadi kipimo kijifunge hapo, au kuuacha kabisa ukuta mweupe. Ndani ya jengo lenye taa za umeme, picha wakati mwingine hupepesuka kwa michirizi. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, hivyo simu inayoruhusu kuchagua kasi ya picha 25 kwa sekunde badala ya 30 mara nyingi hupunguza tatizo hilo.

Simu iwekwe kwenye stendi ya miguu mitatu, au ifungwe kwenye kiti kwa mpira, katika usawa wa macho ya mzungumzaji. Ilazwe ikiwa video itakwenda kwenye tovuti au televisheni, na isimamishwe ikiwa ni ya WhatsApp na mitandao ya simu. Jambo hili liamuliwe mapema kwa sababu halirekebishiki vizuri baadaye. Anayehoji akae pembeni ya simu, naye mzungumzaji amtazame yeye, si simu. Salamu zifanyike kabla ya kurekodi, kwa ukamilifu wake. Kijana anayemhoji mtu mzima aanze na shikamoo, amwite mama au mzee kama anavyomwita siku zote, na aketi. Akisimama juu yake na simu mkononi, majibu yatakuwa ya mtu anayehojiwa na mamlaka.

Maswali ndiyo moyo wa kazi hii, na yanastahili muda mrefu kuliko vifaa vyote. Swali kama "Je, asali yenu ni nzuri?" lina jibu moja tu, na mnunuzi analijua. Swali linalofaa humtaka mzungumzaji asimulie: "Mama, tueleze kinachofanyika tangu mzinga unapofunguliwa hadi chupa inapofungwa." Swali jingine linalostahili kuulizwa ni lile ambalo wajasiriamali wengi hulikwepa: "Ni mzigo gani uliwahi kurudishwa, na mlibadilisha nini?" Mzalishaji wa unga anaweza kueleza kwamba muhogo ulikuwa ukianikwa chini, mnunuzi akakuta mchanga, na sasa kikundi kinaanika kwenye vichanja. Jibu la namna hiyo linamweleza mnunuzi mambo ambayo kipeperushi hakiwezi kumweleza: kwamba kikundi kinasikiliza malalamiko, na kwamba mchanga hautarudi. Anayedai hajawahi kukosea hata mara moja hamwachii mnunuzi kitu cha kupima.

Mnunuzi anataka pia namba. Kikundi kinaweza kutoa kilo ngapi kwa mwezi, katika miezi ipi, kwa ufungashaji gani? Mzigo unachukua siku ngapi kufika? Msimu wa asali ukiisha, kinauza nini? Majibu haya yaandaliwe kwa kuangalia daftari la kikundi, si kwa kubuni mbele ya kamera. Kikundi kilichosema tani moja kwa mwezi na kikatoa kilo 200 kimejifungia mlango kwa sauti yake chenyewe.

Kwa kuwa swali la mhojaji huenda likakatwa katika uhariri, mzungumzaji aombwe kuanza jibu kwa sentensi kamili. Badala ya kusema "Miaka sita," aseme "Kikundi chetu kina miaka sita." Akimaliza kujibu, mhojaji ahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya swali linalofuata. Mara nyingi katika ukimya huo mtu huongeza jambo bora kuliko yote aliyoyasema. Sentensi ikiharibika, irudiwe yote. Saa moja ya mazungumzo inaweza kutoa dakika mbili au tatu za video, na huo si upotevu.

Mazungumzo yakiisha, zichukuliwe picha za kazi yenyewe: mikono ikichuja, mizani ikisomeka namba, lebo ikibandikwa, gari likipakiwa. Kila picha ishikiliwe kwa sekunde 10 bila kutembeza simu. Picha hizi hufunika mahali pa kukatia na kuthibitisha yaliyosemwa. Mzungumzaji akisema wafanyakazi huvaa kofia na glavu, picha imwonyeshe mfanyakazi aliyevaa kofia na glavu. Mnunuzi makini hutazama nyuma ya mzungumzaji zaidi ya anavyomtazama mzungumzaji. Ndoo chafu iliyosahauliwa kwenye kona imewahi kusema mengi kuliko maelezo yote.

Yapo maneno ambayo yakitamkwa mbele ya kamera yanabadilisha sura ya biashara kisheria. La kwanza ni kutaja alama ya ubora. Tangu mwaka 2019, majukumu ya kusimamia usalama wa chakula na vipodozi yalipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), shirika hilo ndilo linaloshughulikia asali, unga, mafuta ya mawese na sabuni zinazozalishwa mkoani Kigoma. Kikundi ambacho bado kiko katika mchakato kiseme hivyo hivyo, kwamba kiko katika mchakato. Kuonyesha chupa yenye alama ambayo cheti chake hakijatoka ni ushahidi ambao mhusika amejirekodia mwenyewe. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au sifa za bidhaa, na video ya biashara haina kinga dhidi ya sheria hiyo. Wazalishaji wadogo wanaotaka alama ya ubora waanzie Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), ambalo lina ofisi mkoani Kigoma na huwaunganisha na TBS.

La pili ni tiba. Asali huzungumzwa sana kama dawa ya vidonda, kifua na mengine mengi, na mzee anaweza kuyasema hayo kwa nia njema kabisa. Lakini bidhaa inayotangazwa kuwa inatibu huacha kuwa chakula pekee na kuingia katika usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sehemu hiyo ikatwe, na mzee aelezwe sababu.

Kisha kuna haki ya mtu anayeonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na sura ya mtu, sauti yake na jina lake ni taarifa zinazomtambulisha. Biashara inayomrekodi mfanyakazi au mteja ipate ridhaa yake kabla, imweleze video itatumika wapi na kwa muda gani, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi inatosha. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi na aweke dole gumba. Mfanyakazi asitishwe kwamba asipokubali atapoteza kazi, kwa kuwa ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Aliyekubali leo anaweza kuiondoa kesho, na biashara ijue mapema itakavyoiondoa sehemu yake kwenye video. Watoto wasionyeshwe wakifanya kazi, hata kama walikuwa wakipita tu na ndoo. Mnunuzi wa nje ya nchi akiona mtoto kwenye eneo la uzalishaji, mazungumzo huishia hapo.

Kwa wafanyabiashara wanaohudumia eneo la Makere na jirani, izingatiwe kuwa kurekodi ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kunahitaji kibali kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sura ya mkimbizi isiwekwe kwenye video ya biashara, kwani kuonekana kwake kunaweza kumhatarisha yeye au ndugu zake waliobaki alikotoka.

Muziki wa msanii anayependwa hauwekwi kwa sababu tu uko kwenye simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo, na matumizi ya kibiashara yanahitaji idhini. Video nyingi za mahojiano hazihitaji muziki kabisa. Mlio wa kazi, kama asali inapomiminika au mashine inapozunguka, unatosha. Anayetaka kupiga picha za angani kwa ndege isiyo na rubani awasiliane na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Anayetaka kuvuka mpaka wa kutangaza bidhaa zake na kuanzisha chaneli ya habari mtandaoni aelewe kwamba Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake zinamtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kuhusu vibali vya filamu, Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kwanza.

Uhariri unaweza kufanyika kwenye simu ileile. Video ya kumtumia mnunuzi isizidi dakika tatu, na jambo lenye uzito zaidi liwekwe ndani ya sekunde 15 za mwanzo, kabla ya nembo na kabla ya salamu za mwenyekiti. Jina la mzungumzaji, kazi yake na kijiji chake yaandikwe anapoonekana mara ya kwanza. Namba ya simu ya biashara iwekwe mwishoni, isiwe namba binafsi ya mzungumzaji. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080 huchukua takribani megabaiti 60 hadi 130 kulingana na simu, kwa hiyo nafasi ya kutosha iachwe wazi kabla ya kuanza. WhatsApp hubana video na kuififisha; itumwe kama faili ili ifike ilivyo, na mpokeaji aulizwe kwanza kama ana bando la kuipakua.

Kikundi chenye vijana waliosomea mambo haya kiwatumie na kiwalipe. Wapo wapigapicha wa harusi mjini Kasulu wenye kamera na maikrofoni nzuri. Wakikodiwa, wapewe maswali mapema na waambiwe wazi kwamba madoido ya harusi, maua yanayoanguka na picha za mwendo wa polepole hayahitajiki hapa.

Picha ghafi zisifutwe. Zihifadhiwe kwenye diski ya nje pamoja na fomu za ridhaa, na kila faili liandikwe tarehe, mahali na jina la aliyezungumza. Video nayo ibebe tarehe ya kurekodiwa, kwa sababu bei, kiasi cha uzalishaji na vyeti hubadilika. Cheti cha TBS kilichotajwa kikiisha muda wake, video iondolewe kwenye kurasa zote za biashara hadi kitakapohuishwa, na wanunuzi waliotumiwa nakala wajulishwe.